Ghorofa Moja Zaidi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, kisha upokee za Mama, ambazo ni ndefu kuliko zangu na karibu zote zinahusu kula kwako. Anauliza kama umenenepa. Anauliza kama kile kikohozi kimekuacha na kama bado unalala bila kujifunika. Nami naomba barua hii ikukute u mzima, umekaa, na mkononi hujashika kitu cha kuvunjika. Sisi huku miili yetu haina neno. Mengine nitakueleza polepole, maana nikianza na lile lililonishikisha kalamu utaikunja karatasi hii na kuitia mfukoni, kama unavyonikatia simu.

Kuhusu simu, nimeacha kununa. Mara ya mwisho nilipotaja neno nyufa ulisema mtandao unasumbua, na tangu siku hiyo mtandao wako umekuwa mgonjwa wa kudumu. Ndiyo maana nimeandika. Dereva wa lori la magodoro, yule aliyekuwa jirani yetu, anapita huko uliko na ameniahidi ataitia barua mkononi mwako palepale ghalani. Usihangaike, hajui kitu. Nimemwambia umepelekwa hapo kukagua jengo la ghala. Unaona jinsi nilivyozoea kudanganya kwa niaba yako, hata sisubiri kuagizwa.

Habari za nyumbani nianze na mlango. Mlango wa chumba cha Mama ulianza kugoma kufunga, Baba akaupiga randa. Ukagoma tena, akaupiga randa tena, mpaka Mama akamwambia kwamba akiendelea hivyo watabaki na pazia. Tulicheka sana siku hiyo. Baadaye ukagoma mlango wa saluni yangu, halafu dirisha la jikoni likakataa kufunguka, na mimi nikaacha kucheka.

Saluni bado iko kwenye kile chumba cha mbele ulimokuwa unalala zamani. Siku moja nilikuwa namfunga rola mke wa Mwalimu, mpangaji wetu wa ghorofa ya kwanza, tukawa tunasengenya watu taratibu kama kawaida. Mara kioo changu kikubwa kikalia, tak, kikapasuka kutoka pembeni hadi katikati, na hakuna aliyekigusa. Mke wa Mwalimu akasema labda kimechoshwa na umbea wetu. Nikacheka ili nisimtishe mteja, lakini rola iliniponyoka, ikaanguka, ikabiringika yenyewe mpaka ukutani. Baada ya yeye kuondoka niliidondosha tena makusudi katikati ya chumba, ikaenda ukuta uleule. Nimejaribu na chanuo la duara, nimejaribu na chupa ya mafuta. Vyote vinaelekea huko. Tangu hapo nimehamishia kiti cha wateja karibu na mlango wa nje na nimewaambia kwamba huku kuna mwanga mzuri zaidi.

Wewe unamjua Baba, lakini niache nikukumbushe, maana mtu akikaa mbali huanza kumtengeneza mzazi wake upya. Baba ni mpaka rangi. Maisha yake yote amening'inia kwenye kamba akipaka mahoteli na mabenki ya watu, akirudi nyumbani na masikio ya rangi mbalimbali. Alikuwa akisema mtu aliyepaka maghorofa ya wenzake mpaka mgongo ukapinda ana haki ya kupaka la kwake. Wewe alikuita Injinia siku ile ulipoifungua redio yake. Redio haikulia tena, naye akamwambia Mama kwamba hakuna awezaye kuharibu kitu kwa utaalamu namna ile isipokuwa injinia. Mtaa mzima ukakuita hivyo, mimi pia, na nadhani na wewe ukaanza kujiita.

Ukaenda chuo. Mwaka wa kwanza ukamtumia ule mchoro wa nyumba yetu ikiwa na ghorofa moja juu, zoezi la darasani tu, ulivyoniambia baadaye. Baba akautia kwenye fremu yenye kioo, akautundika sebuleni, na wageni wakawa wanaonyeshwa mchoro kabla ya kuonyeshwa kiti. Akajenga. Watu walikuja kuangalia, na kusema kweli ilipendeza.

Kisha akataka ya pili. Akakupigia mbele ya wageni, sauti ya simu nje ili kila mtu asikie, akauliza kama jengo linaweza kubeba ghorofa moja zaidi. Ulikohoa kidogo, halafu ukasema haina shida, Baba, pandisha tu. Wageni wakapiga makofi. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba chuo ulikiacha mwaka wa pili, kwa sababu ulikuwa umeniapisha likizo ile nyuma ya tangi la maji, ukiwa umekonda kama ufagio, kwamba nitakufa na siri hiyo. Nilidhani utapata njia ya kumwambia mwenyewe. Sikujua kwamba nyumba ingekuwa inapanda huku tukisubiri.

Unakumbuka ulivyotuambia kwamba chuo chenu hakifanyi mahafali, kwamba vyeti mnachukulia dirishani kwa karani? Tuliamini, au wengine waliamini. Wiki ileile Baba alisafiri, akasema amepata kazi nje ya mji. Aliazima koti la suti kwa Mwalimu, kwa maelezo kwamba mwenye kazi ni mtu mkubwa. Aliporudi kucha zake zilikuwa safi, na masikio yake safi, na Mama akamtania akimuuliza hiyo nyumba aliipaka kwa kuikodolea macho. Baba akajibu kwamba safari hii alikuwa wa kusimamia tu. Ishike hiyo safari, nitairudia.

Hakukaa sana akakupigia tena kuhusu ghorofa ya tatu. Safari hiyo hapakuwa na wageni, tulikuwa yeye na mimi jikoni. Aliuliza kwa sauti ya chini, akasema kabisa kwamba kama una wasiwasi wowote useme, hatakasirika. Wewe ukamwambia msingi ule ni wa uhakika, aongeze. Ulikata simu, yeye akabaki ameishika sikioni muda mrefu. Mimi nilidhani ni furaha.

Basi ghorofa ya tatu ikapanda, nayo ameiita ofisi. Kibao ameshakichora kwa mkono wake, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: Baba na Mwana, Wajenzi. Hakijatundikwa. Kimegeuzwa uso ukutani huko juu.

Sasa nikuambie niliyoyaona. Kwa muda mrefu nyumba yetu imekuwa ikinuka rangi mbichi. Tulidhani ni mapenzi ya mzee na nyumba yake, leo anagusa sebule, kesho ngazi. Mchana mmoja mteja hakuja, nikapanda na taulo zangu kwenda kuzianika ghorofa ya pili. Nilimkuta Baba juu ya ngazi yake ya mbao, ameshika kisu cha puti, mbele yake ukuta umepasuka kutoka darini hadi karibu na sakafu. Kiganja changu kingeingia. Alikuwa anasokotea gazeti na nyuzi za gunia ndani ya ufa, anafunika kwa puti, anasugua kwa msasa, kisha anapaka. Unaijua kazi yake. Jioni nilipita na Mama palepale, Mama akasema ukuta huu umependeza kweli.

Nilimuuliza ni nini kile. Akasema plasta inajikalisha, nyumba zote mpya zina tabia hiyo. Lakini mkono ulioshika kisu ulikuwa unadondosha puti sakafuni, kaka. Mkono uleule uliokuwa unapaka fremu za madirisha bila kuziba kioo kwa karatasi, na tone halianguki. Nilimshikia ngazi mpaka akamaliza, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nikagundua kwamba hufanya hivyo kila Mama anapokwenda sokoni na mimi ninapowasha mashine ya kukaushia nywele, ili nisisikie kisu kikikwangua. Tangu siku hiyo naipapasa nyumba kama daktari. Nikiwa peke yangu napitisha kiganja kwenye kuta, na pale penye ubaridi wa rangi mbichi najua kuna ufa chini yake. Mwanzoni palikuwa hapa na pale. Sasa nipapase wapi pakavu? Nguzo ya kona, ile tuliyokuwa tunapimia urefu wetu kwa mkaa, ameipaka mpaka alama zetu zimepotea. Naogopa. Naogopa nikiwa naosha kichwa cha mtu na maji kwenye beseni yanatikisika bila gari kupita. Naogopa vumbi jeupe ninalolikuta asubuhi kwenye vichanuo. Kuna mlio mwembamba huko juu, kama mtu anayevunja vidole, na ukishausikia mara moja masikio yako hayapumziki tena.

Mwalimu amehama. Kwa adabu zake alisema magoti ya mke wake hayapatani na ngazi, lakini walihama kwa haraka hivi kwamba mapazia yao yamebaki yananing'inia. Fundi mwashi, aliyejenga ghorofa zote hizi kwa amri ya mchoro wako, alikuja kuchukua ngazi yake ndefu, akakataa kuingia getini. Aliomba tumpitishie juu ya ukuta. Baba alimwita mwoga mbele ya watu, naye akabeba ngazi yake akaenda.

Nimembembeleza Mama tuhamie kwa mama mdogo angalau kwa muda. Mama amesema amelala na huyu mwanamume akinuka tina ya kuyeyushia rangi, akinuka chokaa, akinuka jasho la kamba, na hatamwacha leo eti kwa sababu mlango haufungi. Nilipomwambia waziwazi kwamba nyumba inaweza kuanguka, alinitazama usoni kisha akaniuliza kama nimemaliza kufua. Nadhani anajua. Wanajuana wale wawili kwa namna ambayo sisi watoto hatuingii.

Kisha tofali zikaja. Lori zima limeshusha tofali mbele ya geti letu, na Baba amewatangazia majirani kwamba anapandisha ya nne, ya wajukuu. Amepata fundi mwingine kutoka mbali, asiyeijua nyumba. Huyo anaanza Jumatatu ijayo.

Hapo ndipo nilipovunja kiapo, kaka. Nimeisema siri yako. Nilimfuata Baba chumbani kwako, kile cha ghorofa ya pili alichokutayarishia, chenye kitanda na godoro ambalo bado limo ndani ya nailoni yake. Alikuwa anapaka. Nikafunga macho nikamwambia kwamba wewe si injinia, kwamba chuo ulikiacha zamani, kwamba unapanga maboksi ya sabuni ghalani, na kwamba ule mchoro ulikuwa wa kujifunzia. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika.

Hakugeuka. Aliendelea kupaka mpaka mwisho wa ukuta, kwa sababu ukuta ukiachwa katikati mstari unaonekana. Kisha akaweka brashi kwenye maji, akaketi juu ya godoro lako, nailoni ikalia, akaniambia kwamba anajua.

Sasa rudi kwenye ile safari. Baba alikuwa amesikia kwa mtu kwamba chuo chenu kina mahafali, tena makubwa. Akadhani umetudanganya kwa sababu unamwonea aibu, mpaka rangi mwenye masikio ya kijani katikati ya wazazi wenye miwani. Kwa hiyo alijisugua kucha kwa tina mpaka ngozi ikachubuka, akaazima koti, akaenda chuoni kwa siri, akakusudia kusimama nyuma kabisa akuone tu ukipita. Hakukuona. Akaenda dirishani kwa karani, akataja jina lako. Karani akatafuta, akamwambia kijana huyo aliondoka mwaka wa pili, kisha akamuuliza kama yeye ndiye mzazi. Baba akajibu kwamba hapana, yeye ni mpaka rangi tu, amekuja kuangalia kuta.

Alinieleza hayo akiwa anajikwangua rangi kwenye kidole gumba, bila kuniangalia. Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini akajenga ya tatu. Nisamehe, nilimpazia sauti baba yangu. Akasema ile ya pili ilikuwa tamaa yake, hiyo haikatai. Ya tatu hakuitaka. Alikuuliza akitegemea utasema hapana. Alitaka umwambie, Baba, sijui mambo hayo. Alisema ungetamka hayo tu, angeshukuru Mungu, angekaa chini, na neno lako lisingetoka nje ya nyumba hii. Wewe ukamwambia msingi ni wa uhakika, na yeye baada ya hapo hakujua namna ya kutopandisha. Akisimamisha kazi mwenyewe, mtaa mzima utauliza vipi tena, Injinia si alisema sawa? Atawajibu nini? Alisema hawezi kuwa yeye wa kukuvua nguo hadharani.

Nikamwambia nyumba si mahali pa kumpima mtoto ukweli, na kwamba Mama analala chini ya hiyo mitihani yake. Kaka, Baba alilia. Alisema halali, hulala macho akisikiliza, na alfajiri huhesabu kwamba Mungu amempa siku nyingine ya wewe kusema. Alisema hawezi kukukasirikia kwa kufunika, maana umekua ukimwangalia yeye kazini, na kazi yake ni hiyo. Nilimuuliza, na asiposema je? Akainuka, akalichukua kopo, akaniuliza kama naona rangi hii ya bahari itakufaa au ni nzito mno kwa chumba cha kulala.

Nami nakuungamia: nilimuomba anisikilize mimi, anihesabu mimi kuwa ndiye niliyesema hapana. Mimi binti yake niliyebaki, ninayeishi ndani ya nyumba yake, ninayezipapasa kuta zake. Alinishika kichwa kwa mkono wenye rangi, akasema mimi sikuulizwa. Nimebaki na alama za vidole kwenye nywele hadi leo, na neno lake hilo limeniuma kuliko nyufa.

Kwa hiyo usije na mchoro mwingine, wala usitume mtu. Wala usinitumie mimi ujumbe nimfikishie, hataupokea. Sauti yako tu ndiyo anayoisubiri. Simu yake iko wazi mchana kutwa, ameifunga kwa uzi shingoni ili isije ikalia akiwa juu ya ngazi akashindwa kuifikia. Barua ikikufikia kabla ya Jumatatu, utakuwa na muda. Ikichelewa, sijui nikuambie nini. Dereva ameapa hatalala njiani.

Mama amepita hapa sasa hivi na ndoo, anasema nikukumbushe kujifunika. Mama mdogo anakusalimu, Mwalimu na mkewe waliomba wakumbukwe kwako siku walipohama. Mimi niko salunini, sina mteja, na karatasi hii naifuta vumbi kila nikimaliza mistari michache.

Baba naye ameshuka. Amesimama kwenye mlango usiofunga, ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Amesema nikupe salamu zake nyingi, na nikuulize, kwa vile wewe ndiye Injinia, kama jengo linaweza kubeba ghorofa moja zaidi. Amechukua ngazi yake na kopo, amepanda tena juu. Anasema atasubiri jibu hukohuko.

Nimekuuliza, kama nilivyoagizwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto